Mtani wa Mke Wangu

Mke wangu alilia mbele ya mwanamume mwingine, ndani ya treni, kwenye milima iliyo kati ya Mlimba na Makambako, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale ubavuni kwake. Watu wakiniuliza safari ile ilikuwaje, huwa nawaambia ilikuwa nzuri sana, kuna madaraja marefu na mahandaki, na asubuhi ukungu unafika mpaka dirishani. Yote hayo ni kweli. Lakini nikiwa peke yangu ninachokumbuka ni kile kilio, na roho inaniuma upya.

Ni heri niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Wapo wanaouficha wivu wao kwa maneno ya heshima. Wangu uko nje nje, na majirani zangu pale Kariakoo wanaujua vizuri kuliko wanavyoijua dini yangu. Nina duka dogo la vifaa vya mafundi cherehani: zipu, vifungo, lastiki, bitana, uzi wa kila rangi. Mke wangu ndiye anayekaa kaunta, mimi napanga mzigo nyuma. Mafundi wana maneno mengi. Fundi akimwambia leo umependeza, dada, nami nasikia, basi fundi huyo siku hiyo hapati punguzo hata akilia machozi ya damu. Mke wangu alikuwa anacheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka sana, kicheko cha kurudisha kichwa nyuma, na mimi nilikichukulia kicheko kile kuwa ni mali yangu.

Kisha baba yake akafariki. Ilitokea wakati yeye mwenyewe amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, hata nyuzi hazijatolewa. Daktari alimkataza katakata kusafiri. Wakamzika mzee huko Mufindi bila yeye. Habari nilimpa mimi, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na chupa ya uji mkononi. Akasema sawa, halafu akaniuliza kama duka nimelifunga au nimemwachia mtu.

Aliporudi nyumbani Ilala tuliweka msiba wetu pale pale uani kwa mwenye nyumba. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa. Ndugu zangu wakasoma dua na wenzake wa kanisani wakaimba, maana ndoa yetu tulifunga bomani na kila upande ulibaki na mambo yake. Wanawake walilia wakamlilia yeye. Yeye alipokea kila pole kwa neno moja, ahsante, macho makavu kabisa. Nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu Mhehe ana roho ngumu. Shangazi yangu, ambaye amehudhuria misiba mingi kuliko harusi, alinivuta pembeni akaniambia kilio kimemkwama na nisimharakishe.

Mimi nilimharakisha. Nilimpikia supu kwa mikono yangu, jambo ambalo mtaa mzima ulilijadili. Nilimpeleka ufukweni Jumapili. Jioni tukikaa wawili nilikuwa namwambia lia tu mke wangu, mimi nipo, na yeye ananijibu niko sawa. Jibu hilo nilifika mahali nikalichukia. Hakuwa sawa. Kicheko kilikuwa kimeondoka pamoja na kilio, na mafundi wenyewe walianza kuingia dukani kimya kimya kama wanaingia zahanati. Moyoni nilijiwekea kitu kimoja: siku atakayolia, atalia kwangu. Mke wangu, kifua changu, nani mwingine? Nilikuwa naisubiri siku hiyo kwa hamu, na kusema kweli sikuona ubaya wowote katika kuisubiri.

Arobaini ilipokaribia ilibidi twende. Basi lingetufikisha haraka, lakini mke wangu hawezi basi. Kuna zile kona za Kitonga, basi linapanda linajipinda, na yeye hutapika mpaka nyongo. Kwa kidonda ambacho kilikuwa bado kinamvuta, tukaona bora treni ya Mbeya, tushuke Makambako. Tulipata viti vya daraja la pili, vile vinavyotazamana na kimeza kidogo katikati. Yeye nilimpa dirisha.

Mbele yetu alikaa mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, mfupi, kipara kinachoonekana pembeni ya kofia, jino moja la mbele halipo. Tulimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba. Akasema yeye ni fundi wa viti vya magari huko Buguruni na anakwenda kwao Songea, atashuka Makambako na kuunganisha basi. Nilimkagua kama ninavyowakagua wanaume wote, nikaona hana hatari. Alijifunika kofia usoni kabla hatujaliacha jiji vizuri, akalala.

Tulipita kwenye mbuga. Abiria walikimbilia madirishani kuwaona twiga, wengine wakawapiga picha. Mke wangu aliwatazama kama anavyotazama watu wanaopita barabarani mbele ya duka. Nikamwambia ona yule mdogo, akasema nimemwona. Jioni ikaingia, tukala kidogo, tukasinzia.

Palipokucha tulikuwa tumeshaiacha Mlimba na treni ilikuwa inapanda. Mimi nimezaliwa Ilala. Kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kukipanda kwa miguu ni maghorofa ya Kariakoo siku umeme ukikatika. Sikuwa najua kwamba kuna mahali nchi hii inasimama wima namna ile. Upande mmoja ukuta wa mlima, majani yanachuruzika maji na kugusa behewa. Upande wa pili hakuna kitu, ukungu tu, halafu ukungu unafunguka na unauona mto chini kabisa, mwembamba. Treni ilikuwa inapita taratibu juu ya daraja moja, inaingia kwenye handaki, inatoka, inakuta daraja lingine. Niliinama kumwambia mke wangu tazama, na hapo simu yake ikaita. Alikuwa mama yake.

"Kamwene, mama," alisema, wakaendelea kwa Kihehe, mambo ya nani amefika na nani bado. Mtandao ukakatika. Aliporudisha simu kwenye mkoba niliona ile kofia ya sufu mbele yetu inasogea.

"Kumbe usiku kucha nimelala mbele ya Mhehe," alisema yule mzee. "Bahati mbwa wangu nimemwacha Buguruni. Asubuhi hii ningekuta mifupa."

Mimi nilishtuka. Mtu mzima, tumesalimiana naye kwa heshima, anamwambia mke wangu kwamba anakula mbwa. Nilimgeukia mke wangu kuona kama ameumia. Alikuwa anamtazama yule mzee polepole, kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mngoni huyu," alisema. "Ulivyojifunika uso nikadhani kuna mtu kasahau mzigo wa viazi."

Hapo nikaelewa, na kuelewa hakukunisaidia chochote. Wahehe na Wangoni walipigana vita zamani, wakapatana, na kilichobaki baada ya mapatano ni utani. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe, akala chakula chako, akamwita mkeo mke wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Si kwamba nilikuwa sijui. Mimi Mzaramo, watani wangu ni Wasukuma na Wanyamwezi, na pale sokoni kuna mbeba mizigo Msukuma anayekunywa chai yangu bila kuniomba, nami namwita mshamba mbele za watu na tunacheka. Lakini utani wetu wa sokoni ulikuwa unaishia kwenye kikombe cha chai. Sikuwa nimewahi kuuona ukikaa mbele ya mke wangu umevaa kofia ya sufu.

Mzee akafungua hotpoti letu. Chapati nilikuwa nimezikunja mwenyewe kwa foili. Alichukua ya juu, akaikunja, akaila, akaniambia kwa sauti ya kunipongeza kwamba shemeji, mke wangu umenitunzia vizuri, ila umemkondesha. Mke wangu akajibu kwamba bora kukonda kuliko kuolewa na Mngoni, maana Wangoni wakisikia mlango umegongwa wanatokea dirishani na kumwachia mwanamke silaha. Mzee akasema silaha aliachiwa kwa sababu mwanamke wa Kihehe ndiye silaha yenyewe. Na mke wangu akacheka. Kichwa kikaenda nyuma, meno yote nje. Tangu hospitalini sikuwa nimeyaona meno yale.

Ningepaswa kufurahi. Nilichofikiri ni kwamba mimi nimepika supu, nimempeleka ufukweni, nimekaa naye kila jioni, na huyu kibogoyo amekula chapati yangu moja tu. Angekuwa kijana mzuri ningejua namna ya kumchukia. Kisha tukaingia kwenye handaki na taa za behewa hazikuwa zimewashwa. Gizani nilisikia wanaendelea kutukanana na kucheka, yeye na yeye, na mimi nikautafuta mkono wa mke wangu nikaushika. Tulipotoka kwenye mwanga nilikuwa bado nimeushika na mzee alikuwa anautazama mkono wangu, anatabasamu na lile pengo lake. Katika kila handaki lililofuata niliushika. Kwa mtu aliyetuona tulikuwa ni maharusi.

Baadaye mzee akauliza tunaelekea wapi hasa. Mke wangu akasema nyumbani, kwenye arobaini ya baba. Nilijua kitakachofuata. Atavua kofia, atasema pole sana binti, Mungu amlaze mahali pema, na huo utani utakufa hapo hapo na sisi tutaendelea na safari yetu kwa amani. Mzee aliiweka chini chapati, ilikuwa ya pili.

"Amekufa au amejificha?" alisema. "Wahehe nawajua mimi. Mkisikia Mngoni anakuja, mzee mzima anajilaza chini anajifanya maiti. Wewe umemwona?"

Mke wangu alitikisa kichwa.

"Sikumwona," alisema. "Walimzika mimi sipo."

"Basi hajafa huyo. Yuko nyuma ya nyumba, anachungulia kama nimeshapita."

Mke wangu alianza kucheka. Nina hakika kilianza kama kicheko, nilikuwa namtazama usoni. Kisha kikapinda katikati, akaweka paji la uso juu ya kimeza na akalia. Hakikuwa kilio cha wanawake wa kwenye mkeka. Alikuwa anamwita baba, baba, kama mtoto aliyeachwa mbali na nyumbani, mabega yote yanaruka, na abiria wa upande wa pili wakageuka kututazama. Mzee alilisogeza hotpoti ili asijigonge. Hakusema pole. Aliendelea kwa sauti ya chini, akimlaumu marehemu kwamba mzee mvivu sana huyu, hata kazi ya kujililia kamwachia binti, na mke wangu akawa analia anacheka analia, na mkono wake ambao ulikuwa kwenye mkono wangu ukachomoka ukashika ukingo wa meza.

Mimi nilisimama nikamkamata mzee kola. Sikuwa nimepanga. Niliona tu mkono wangu uko pale na kitambaa kiko ndani ya ngumi. Mzee hakujitetea. Alinitazama kwa utulivu ambao ulizidi kunichoma.

"Mwache," mke wangu alisema, bila kuinua kichwa. "Huyo ni mtani wangu."

Nikamwachia. Nikatoka nikaenda kusimama kule kwenye mlango, kati ya behewa na behewa, na ndipo nilipoiona ile milima kwa kirefu. Daraja letu lilikuwa limejipinda kiasi kwamba niliweza kuuona mbele mwanzo wa treni yetu wenyewe, unaingia mlimani. Maji yalikuwa yanateremka kwenye mwamba, yanang'aa kwa jua la asubuhi. Milima ilikuwa mizuri, na uzuri wake ulinikera. Nilitaka kulia na mimi, kwa hasira, lakini watu walikuwa wanapita kwenda kununua chai.

Nilikuwa najiuliza mimi nina kasoro gani. Na jibu lilikuja, ingawa sikulipenda: mimi ni mkwe. Yule mzee aliyekufa nilionana naye mara chache, na kila mara nilikaa pembeni ya kiti, magoti pamoja, macho chini, naitikia ndiyo baba, hapana baba. Kwenye kiti chake siwezi kukaa. Mbele ya watu wake sinyanyui sauti. Kumfanyia mzaha, hata akiwa hai, ingekuwa ni kuvunja ndoa. Kwa hiyo alipofariki nilichokuwa nacho mdomoni ni maneno yale yale ambayo kila mtu alikuwa nayo, na mke wangu alikuwa ameshajibu maneno hayo kwa ahsante mia. Lile swali, umemwona, hakuna mtu aliyemuuliza. Mimi nisingeweza kuliuliza hata tungeishi pamoja mpaka uzee. Linahitaji mtu asiye na adabu, na adabu ndiyo niliyoolea.

Hayo niliyaelewa vizuri pale mlangoni. Wivu haukupungua hata kidogo. Nadhani uliongezeka, kwa sababu sasa nilijua kwamba hata nikijitahidi vipi ile nafasi si yangu.

Niliporudi alikuwa ameinua kichwa, uso umevimba, amejifunga kanga mabegani. Mzee alikuwa amelala tena, au anajifanya, kofia usoni. Mke wangu alijisogeza akaniegemea. Akasema ana njaa. Nilimpa chapati iliyobaki na akaila yote, akaniuliza kama milima nimeiona, maana nilitoka muda mrefu. Nikasema nimeiona.

Makambako niliteremsha mabegi yetu na nilipogeuka nikamwona mzee naye anateremka, anatufuata. Nilimwonyesha upande wa mabasi ya Songea. Akasema hawezi kupita msiba wa mtani akauacha, watoto wake wangemcheka, na Songea haihami. Mke wangu alikuwa ameshampa begi moja abebe.

Kwa wakwe zangu huko Mufindi mzee aliingia analia kwa sauti ya uongo iliyosikika mpaka barabarani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu akaketi, akakohoa, akaagiza maji ya kunawa na kulalamika kwamba ugali wa nyumba hii umepungua tangu afe. Nilisubiri mtu amtoe. Mama mkwe wangu alishika ukuta kwa kucheka, na machozi yalikuwa yanamteremka, na akina mama wengine wakamtukana mzee kwa Kihehe huku wakimpakulia. Kaburini alijilaza ubavuni mwa msalaba akakataa kuamka mpaka apewe kuku. Mke wangu alimvuta mguu. Alipoondolewa, mke wangu akapiga magoti pale alipokuwa amelala yule mzee, udongo bado una alama ya mwili wake, akalia mara ya pili, kwa utulivu, muda mrefu. Mzee alichuchumaa karibu naye. Mimi nilikuwa nimesimama na wakwe, mikono mbele, kijana wa heshima kutoka Dar es Salaam, nimeshika mkoba wa mke wangu.

Tumerudi Kariakoo na mafundi wamepata tena mtu wa kumchekesha. Kila mtu anayeingia dukani ananiambia mkeo amepona, na mimi nashukuru, nashukuru kweli. Ila mzee naye amerudi Buguruni. Viti vya magari vinashonwa kwa uzi mnene wa nailoni, na katika Kariakoo yote, yenye maduka ya uzi mtaa kwa mtaa, yeye ameona la kwetu ndilo zuri. Huja karibu na saa ya chakula. Huketi kwenye stuli yangu, hufunua sahani ya mke wangu, hunisalimia shemeji, halafu matusi yanaanza. Wateja wanasimama kusikiliza. Uzi namuuzia bei ile ile ya dukani, hata senti haipungui, na yeye analipa bila kuuliza, jambo ambalo linaniudhi vilevile.

Juzi aliondoka amekula zaidi ya nusu ya pilau. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye watu, nikamgeukia mke wangu, nikamwambia lile lililokuwa limenikaa tangu treni.

"Siku nikifa mimi, yule mtu asikanyage msibani kwangu. Nakuusia kabisa."

Alikuwa anazungusha lastiki kwenye kadibodi. Aliacha. Nilidhani atacheka, lakini alinitazama na nikaona analifikiria jambo lenyewe kweli, mimi nimekufa, turubai limefungwa, yeye yuko kwenye mkeka.

"Sasa mimi nitalia na nani?" alisema.